Amri ya Kunyamaza Kompyuta Ikizungumza

Wananchi wa Kisiwa cha Mombasa, na dunia kwa jumla, wanaarifiwa kwamba kuanzia mwaka huu wa 1969 Mji wa Kale unazungumza na Mbaraki kwa mashine. Si kwa mdomo, si kwa barua, wala si kwa tarishi wetu Mung'aro na baiskeli yake. Kwa mashine. Mimi nilikuwapo, nilishika waya kwa mkono wangu huu, na kwa kuwa magazeti yameliandika jambo hili nusunusu, nimeona ni wajibu wangu kulieleza lote, nikiwa Katibu wa Mazungumzo ya Mbali katika Halmashauri ya Takwimu za Shehena.

Kazi ya Halmashauri ni kuhesabu vitu vinavyoingia na kutoka bandarini. Kule Mbaraki tuna kompyuta. Si kubwa kama zile za Ulaya zinazokalia jumba zima, wala si ndogo. Ni ya wastani, ya kibiashara, ina makabati ya chuma na feni zinazovuma, na chumba chake kina baridi kuliko cha mkurugenzi yeyote wa Pwani. Huku Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, juu ya nyumba iliyokuwa ya muuza mazulia, tuna ofisi ndogo inayohesabu shehena za Bandari ya Kale: tende, samaki wakavu wa ng'onda, mikeka na mengineyo. Zamani tuliandika hesabu zetu, Mung'aro akazitia kwenye kapu la baiskeli, akapiga pedeli mpaka Mbaraki, akarudi chai yake haijapoa. Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulifanya kazi. Na Halmashauri haiwezi kwenda Nairobi kuomba fungu la maendeleo kwa ajili ya baiskeli inayokwenda vizuri.

Ndipo ikaletwa mashine ya mbali. Kwa sura ni taipureta iliyonenepa. Kando yake kuna kisanduku kiitwacho modemu, chenye vikombe viwili vya mpira. Unapiga simu Mbaraki. Kompyuta inapokea, lakini haisemi halo, inapiga mluzi. Hapo unaulaza mkono wa simu juu ya vile vikombe, na modemu nayo inajibu kwa mluzi wake. Mluzi ukijibiwa, mashine zimejuana, na lolote utakaloandika Ndia Kuu litasomwa Mbaraki. Usipojibiwa, kompyuta inakata simu. Ina adabu zake, na mimi nilizipenda tangu mwanzo.

Palikuwa na jambo dogo la utaratibu. Ili karani wa Mbaraki asije akaipokea simu yeye, akaanza kuulizia hali za watu, ilibidi aarifiwe mapema kwamba simu inayokuja si yake. Na kwa kuwa laini yetu ilikuwa moja, nayo ilitengewa kompyuta, taarifa hiyo ilipelekwa na Mung'aro kwa baiskeli.

Kwa majuma kadhaa kompyuta ilipiga mluzi, na sisi tukakatiwa. Mpiga taipu wetu, Mutanu, binti wa Machakos asiyecheka bure, alikuwa akizungusha namba, akiulaza mkono wa simu, akikunja mikono na kungoja. "Imekata," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha.

Baadaye wahandisi waligundua kwamba mluzi wa modemu yetu ulikuwa mnyonge, na waya zetu zililiwa na chumvi ya bahari, hata mluzi ukifika Mbaraki umekuwa pumzi tu. Lakini wahandisi walikuwa bado hawajaulizwa. Aliyeulizwa ni Mkurugenzi wetu, Bwana Kamaludin, mtu wa suti ya vipande vitatu hata Februari, ambaye alijiuliza mwenyewe na kujijibu papo hapo.

"Katibu," aliniambia, "mashine haina kosa. Mashine imetoka ng'ambo. Kosa ni la mtaa."

Tukaunda Kamati ya Uchunguzi wa Kelele. Kamati ilisimama dirishani, ikasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mfua bati akifua bati, chuo cha Kurani kikisoma kwa pamoja, na kinamama wawili wakipigana maneno juu ya bei ya samaki aina ya changu, kila mmoja akiwa juu ya dari ya nyumba yake. Ilishangaa kwamba kompyuta ilikuwa ikipiga mluzi hata kidogo. Siku ya pili ikatoka Amri ya Utulivu, ikabandikwa kwenye kila mlango. Ilisema kwamba ofisi ikitundika bendera nyekundu, kompyuta inazungumza, na wakati huo mtaa wote utanyamaza. Hakuna kufua bati, hakuna kuimba, hakuna kumwita muuza samaki, wala kupiga chafya kwa kukusudia. Nakala ilikwenda Nairobi, kwa mkubwa wa wakubwa zetu, naye akaitia sahihi, maana alikuwa anatia sahihi vyote siku hiyo.

Watu wa Mji wa Kale ni waungwana. Walitii. Bendera ikipanda, muuza kahawa alivifunga vikombe vyake kwa pamba akauza kama mtu anayeuza magendo. Kulsumbai, mwenye duka la viungo chini yetu, aliuza kwa kukonyeza, na bibi mmoja akaenda kupika biriani kwa hiliki ya kukonyezwa ambayo ilikuwa pilipili manga. Mumewe alikuja ofisini kulalamika, lakini bendera ilikuwa juu, basi alilalamika kwa mikono. Nilimwandika kuwa ni mwananchi aliyeridhika.

Kompyuta iliendelea kukata.

"Bado wanapumua," alisema Mkurugenzi.

Hali ilikuwa hivyo alipopanda ngazi zetu Bi Mwanaesha, jirani wa nyumba inayotutazama. Alikuja na buibui lake la heshima, akaamkiana nasi kama inavyopasa.

"Sabalkheri, bwana."

"Sabalkheri, bi."

"Mwaamkaje? Nyumbani wazima?"

"Alhamdulillahi, wazima. Karibu kiti."

Alikaa. Aliiangalia taipureta iliyonenepa kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa mwenzake.

"Nimekuja kwa hishima," alisema. "Jumamosi n'na harusi ya mwanangu, Mejumaa. Siku hiyo ndiyo vugo lapita ndia hii. Nasikia na nyinyi siku hiyo muna lenu."

Kwa wasomaji wa bara nieleze: vugo ni msafara wa kinamama wa harusi. Hupita mtaani wakipiga pembe za nyati kwa vijiti, wakiimba na kupiga vigelegele, hata asiyealikwa ajue kwamba fulani anaozwa, tena anaozwa kwa furaha na wazee wake.

"Jumamosi ni uzinduzi rasmi," alisema Mkurugenzi. "Mgeni wa Heshima yuwaja kutoka Nairobi. Kompyuta itazungumza mbele yake. Bendera itakuwa juu tangu adhuhuri mpaka magharibi."

"Basi lipite asubuhi?"

"Asubuhi ni mazoezi ya kunyamaza."

"Yaleo! Bwana, mkwe wangu ni baharia. Meli yake yang'oa nanga Jumatatu. Akenda, harudi ila mwakani."

"Iahirisheni mpaka mwakani."

Bi Mwanaesha aliweka mikono juu ya magoti. "Mwanangu ashatiwa ndani, bibi harusi hatoki tena. Ashasingwa kwa manukato, hina yachorwa kesho. Mtaa mzima wajua. Vugo lisipopita, watu watanena, 'Ana lipi Mejumaa hata akaolewa kimya kimya kama aliyefumaniwa?' Neno hilo, bwana, litamkaa mpaka aitwe nyanya. Mie sitaki kitu chenu. Nataka mwanangu apigiwe vigelegele, bas."

Machozi yalimlenga, akayarudisha. Niliona huruma sana. Niliandika kwenye kumbukumbu za kikao: "Katibu aliona huruma sana." Mkurugenzi akazipitia, akafuta neno "sana".

Lakini Halmashauri si jiwe. Tulikaa kikao siku nzima, tukatoka na uamuzi ambao hata leo nauona wa hekima. Vugo liliruhusiwa kupita, bila sauti. Kinamama watashika pembe zao na vijiti vyao, na watavisogeza kama wanaopiga, ila visigusane. Nyimbo zitaimbwa kwa midomo tu. Penye kigelegele patainuliwa leso nyeupe. Tuliliita Vugo la Ishara, na Mkurugenzi alikuwa na hakika kwamba miji mingine ya Pwani itakuja kujifunza.

Nilipeleka uamuzi huo mwenyewe. Nyumbani kwa Bi Mwanaesha nilimkuta dadake mkubwa, Bi Mwanakuu, ambaye ndiye anayeongoza vugo mtaa ule tangu enzi za nyanya zetu, mwanamke mfupi mwenye kifua cha tarumbeta. Nilimsomea uamuzi, kifungu kwa kifungu. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema.

Nilimletea Mkurugenzi maneno hayo, naye akafurahi mno. Alisema hatimaye wananchi wameuelewa mradi. Akaamuru yachapwe kwa herufi kubwa chini ya Amri ya Utulivu.

Jumamosi ikafika. Ofisi ilipambwa kwa karatasi za rangi. Mgeni wa Heshima alifika na jasho lake na wasaidizi wake, akapewa madafu. Mkurugenzi alikuwa ameongeza jambo moja la ubunifu wake mwenyewe: alitundika kipaza sauti dirishani, kikiwa kimeunganishwa na simu, ili wananchi walioko nje nao waisikie kompyuta ikizungumza na wasije wakasema maendeleo ni ya wakubwa tu. Bendera nyekundu ikapanda. Mung'aro akaondoka kwenda kuitangulia simu. Mtaa ukawa kimya hata tukasikia paka wa Kulsumbai akijilamba.

Mkurugenzi alihutubia. Kimya kilikuwa cha wananchi, yeye alikuwa na kibali. Alisema juu ya anga, mwezi, Taifa na shehena, mpaka Mgeni wa Heshima akaanza kuutazama ukuta.

"Bi Mutanu," alisema Mkurugenzi kwa mkono ulioinuliwa, "unganisha!"

Mutanu akazungusha namba. Simu ikaita. Na wakati ule ule, kutoka upande wa msikiti, Vugo la Ishara likatokeza kwenye kona.

Nimeona mengi katika utumishi, lakini sijaona jambo kama lile. Kinamama kwa kinamama, wamejipamba, asumini vichwani, pembe mikononi, vijiti vinapanda na kushuka bila kugusa kitu. Midomo inaimba na hakuna neno linalotoka. Mbele Bi Mwanakuu, nyuma yake Bi Mwanaesha, macho chini, uso umekunjika kama wa mfiwa. Watu waliokuwa barazani waliinama. Mzee mmoja alivua kofia, akidhani ni jeneza linapita. Nilimtazama Bi Mwanaesha nikajua kwamba neno lile aliloliogopa limeshaanza kusemwa mioyoni mwa watu, na moyo wangu uliuma.

Walifika chini ya dirisha letu. Hapo kompyuta ya Mbaraki ikapokea simu, na kwenye kile kipaza sauti cha Mkurugenzi ukatoka mluzi, mwembamba, mrefu, wa juu, ukaujaza mtaa wote: *wiiiiiiiii*.

Mutanu akaulaza mkono wa simu vikombeni. Modemu yetu ikajibu kwa pumzi yake ya mgonjwa.

Chini, Bi Mwanakuu alisimama. Msafara wote ukasimama. Akainua uso kuelekea dirishani.

Sasa, kuna sheria ya Mombasa ambayo Kamati haikuipitia. Harusi ikipita na mtu yeyote, hata hasimu wako, akaipigia kigelegele, kigelegele hicho hakiachwi kikaanguka chini. Kinajibiwa. Kutokijibu ni kumtukana aliyekipiga na kumtia mkosi bibi harusi. Na hapa kigelegele kimetoka juu, kwa serikali yenyewe, tena kwa kipaza sauti.

"Wametupigia," alisema Bi Mwanakuu, kwa sauti, bendera ikiwa juu. "Wallahi wametupigia. Jibuni, wangu!"

Akajibu. Sijui namna ya kukiandika kigelegele kile. Kilianza chini, kikapanda, kikatetemeka juu ya mapaa, na kabla hakijaisha wakakidaka wenzake wote kwa pamoja. Madirisha yote ya Ndia Kuu yakafunguka. Waliokuwa ndani nao wakajibu. Kilifika ofisini, kikaingia kwenye mkono wa simu, kikashuka kwenye zile waya zilizoliwa na chumvi, na chumvi yenyewe nadhani ilipangusika.

Mkurugenzi alikimbilia dirishani, mikono yote miwili juu. "Nyamazeni! Nyamazeni! Kompyuta yazungumza!"

"Si nyinyi mulioanza?" alimjibu Bi Mwanakuu.

"Amri! Soma Amri!"

"Kwani mie nimeanza? Nimejibu. Uungwana ni kujibu!"

Na kompyuta, ambayo kwa majuma yote yale haikuwa imejibiwa na mtu, ilisikia. Ikapiga mluzi tena, safari hii kwa nguvu zaidi na, naweza kuapa, kwa bashasha. Kinamama wakaurudishia maradufu. Pembe zikagusana na vijiti, *kwa-kwa-kwa*, leso zikatupwa hewani, na Bi Mwanaesha, nilimwona kwa macho yangu, aliliachia buibui likamwangukia mabegani, akafungua kinywa na kupiga kigelegele cha mama anayeoza, akilia na kucheka kwa pamoja.

Nyuma yetu taipureta iliyonenepa ikashtuka. *Tak*. Tukageuka. *Tak-tak-tak-tak*. Karatasi ikapanda. Kompyuta ya Mbaraki iliandika kwamba iko tayari, na ikauliza tunataka nini.

"Imeshika," alisema Mutanu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akacheka, akaanza kuchapa tende na ng'onda kwa mdundo wa vugo. Wahandisi wananiambia kwamba mashine ile ikishajibiwa mara moja kwa nguvu, hata mluzi mnyonge unaitosha baadaye. Ni kama mtu aliyekaribishwa vizuri. Hajali tena chai ikiwa nyepesi.

Mgeni wa Heshima alikuwa amesimama, anapiga makofi, kiuno kinacheza chenyewe. "Ajabu! Ajabu! Bwana Kamaludin, ni nani aliyebuni hii? Kuunganisha mashine kwa sauti za wananchi!"

Hapa ndipo mtumishi wa umma hupimwa. Mkurugenzi alitazama dirishani, akaitazama taipureta, akatengeneza tai.

"Mheshimiwa," alisema, "ni mimi. Nilifanya utafiti wa muda mrefu juu ya kigelegele."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi binafsi. Kuna daraja zake."

"Basi tusiharibu kitu!" alisema Mgeni wa Heshima. "Kila asubuhi ya kazi, mashine iunganishwe hivi hivi, chini ya uangalizi wako binafsi. Nitapiga Mbaraki mwenyewe kuhakikisha. Na ile Amri ya Utulivu niliyoitia sahihi, iache palepale. Nimeona inavyofanya kazi. Asiifute mtu bila idhini yangu kwa simu."

Vugo lilizunguka Ndia Kuu yote, likarudi, likazunguka tena kwa sababu watu walikuwa hawajashiba. Mejumaa aliozwa kwa kelele ambazo hazijawahi kusikika mtaa ule, na watu walinena, kweli walinena: binti gani huyu, hata mashine ya serikali yampigia kigelegele? Baharia alikunywa sharubati za kutosha, na Jumatatu alfajiri meli yake ikang'oa nanga.

Jumatatu hiyo hiyo, saa ya kazi, Mkurugenzi alinituma kwa Bi Mwanaesha nikamwombe aje na wenzake. Nilikwenda na barua yenye muhuri.

"Mwambie twamshukuru," alisema Bi Mwanaesha, "lakini kigelegele hakikodishwi. Kina shughuli yake. Leo hatuozi mtu."

Nilirudi na jibu. Mkurugenzi akamtazama Mutanu.

"Mimi nimeajiriwa kuchapa," alisema Mutanu.

Akanitazama mimi. Nilimkumbusha kwamba cheo changu hakiniruhusu kutoa sauti ya kiofisi kabla ya mkurugenzi. Akasema basi apige simu Nairobi aombe Amri ifutwe na watu wapewe ruhusa. Nilimkumbusha kwamba laini ni moja, na imetengewa kompyuta.

Kwa hiyo bendera nyekundu ikapanda. Mtaa ukanyamaza. Mutanu akazungusha namba. Kompyuta ya Mbaraki ikapokea, ikapiga mluzi wake mwembamba, ukatoka dirishani kwa kipaza sauti, ukangoja.

Bwana Kamaludin alifungua kifungo cha juu cha kizibao. Akauinamia mkono wa simu. Akafumba macho, akatoa ulimi, akapiga kigelegele. Nasema akapiga kwa sababu ni lazima ripoti iandike kitu. Kilikwama kooni kama mwiba wa changu, kikateleza, kikafa.

"Imekata," alisema Mutanu, akazungusha tena.

Akapiga cha pili. Akapiga cha tatu, suti imelowa. Nje kila dirisha lilikuwa wazi na kila baraza imejaa: Kulsumbai na paka wake, muuza kahawa, mfua bati, Bi Mwanakuu kwenye kiti alichokileta mwenyewe. Hakuna aliyekohoa. Sijapata kuona Amri ikitiiwa vile. Kwenye dirisha linalotutazama alikuwapo Mejumaa, bibi harusi wa juzi, hina yake bado nyekundu, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mabega yanamtikisika.

Mkurugenzi alimtolea macho ya kuomba. "Mwanangu," alisema, "nijibie. Kimoja tu."

Mejumaa aliondoa kiganja kimoja mdomoni, akainua kidole kilichopambwa, akamwonyesha bendera.